Nilikataa Kutafsiri Uongo wa Rafiki Yangu

Nilikosa, na sitaki mnitafutie sababu. Nimeshazitafuta zote mwenyewe na hakuna hata moja inayosimama.

Nilimwaibisha rafiki yangu mbele ya umati, nikavunja bendi yetu, na nikaingia kati ya mtu na baba yake. Haya yote niliyafanya kwa kusema ukweli. Ndiyo, ukweli! Kama ningekuwa nimesema uongo, leo ningekuwa najua pa kuanzia kutubu.

Jina langu silitaji. Kwenye bendi waliniita Mbona, maana tangu nitoke chuo kikuu na digrii yangu ya sosholojia, neno hilo halinitoki mdomoni. Mbona hiki, mbona kile. Watu wa Isiolo wakisoma hapa watanijua. Wacha wanijue.

Sasa msicheke. Sisi tulikuwa tunapiga muziki wa Kiayalandi. Hapa hapa Isiolo, upande wa Wabera, nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma!

Aliyeleta mambo hayo ni padri mmoja mzee kutoka Ayalandi, ambaye alikaa kwetu miaka mingi kabla ya kurudi kwao. Alikuwa na filimbi za bati, zile nyembamba za matundu sita, na jioni alikuwa akifundisha watoto kwenye uwanja wa kanisa. Hakuuliza mtoto anaswali wapi. Ndivyo Guyo, Mborana na Mwislamu wa mtaa wa Chechelesi, alivyojua nyimbo za Ayalandi kabla mimi Mkatoliki sijajua Ayalandi iko wapi.

Guyo ndiye alikuwa bendi. Mimi nilipiga fidla niliyojifunza chuoni. Ekal, Mturkana mwenye karakana, alipiga gitaa la umeme. Kinoti, Mmeru mwenzangu, alipiga ngoma, na alitengeneza pia ile ngoma ya Kiayalandi ya kushika mkononi, kwa ngozi ya mbuzi na fremu ya chekeche la mchanga. Kinoti husema maneno kama kumi kwa wiki.

Tulikuwa tumeona mtandaoni vijana wa huko wakichanganya nyimbo za nyanya zao na gitaa na ngoma za roki. Guyo alisimamisha video, akasema, "Hawa wanafanya kwa mvua. Sisi tutafanya kwa vumbi." Bendi ikapata jina: Vumbi na Mvua.

Kila Jumamosi baada ya alasiri tulipiga pale karakana, mlango wazi. Waendesha boda walizima pikipiki. Akina mama wa maziwa ya ngamia walisimama na mitungi yao. Wasichana wa sekondari walirukaruka ile densi ya miguu tu, mikono imeganda ubavuni, wakianguka kwa kicheko.

Wimbo mmoja ulizishinda nyimbo zote. Guyo aliuita "Reli ya Padri". Reli, kwa Waayalandi, ni densi ya kasi. Lakini mwambie mtu wa Isiolo reli, atafikiria nini? Wakauita Treni. "Pigeni Treni! Wee Guyo, Treni!" Na kweli ulikuwa unakimbia kama treni, kisha katikati unasimama ghafla, pumzi moja, halafu unaondoka tena. Pale penye pumzi umati mzima ulikuwa unapiga kelele "Hep!"

Historia ya wimbo huo Guyo alinisimulia mwenyewe. Siku ya mwisho ya padri, alimkuta amekaa juu ya sanduku lake akingoja gari. Padri akamwambia, kuna wimbo mmoja sijawahi kumfundisha mtu, mama yangu alikuwa akiupiga jikoni kwetu. Akamfundisha pale pale juu ya sanduku. Gari lilipofika, padri alikuwa analia.

Mimi nisiyeamini kitu bila kukiuliza, nililia pia! Nilimlilia mama wa padri ambaye sikumjua. Nikaiandika hadithi hiyo vizuri, nikaitia kwenye ukurasa wetu wa mtandao. Kisha nikaiandika tena kwa Kiingereza, nikaipeleka pamoja na video kwa bendi moja ya roki ya huko Ayalandi, bendi ndogo, inayozunguka nchi za watu ikipiga.

Wakajibu! Wakasema watakuwa Kenya, watafika Isiolo, watapiga nasi jukwaa moja. Wakasema wanataka hasa kuusikia wimbo wa mama wa padri.

Kabla sijaendelea, lazima niwaambie kuhusu baba yake Guyo, maana kosa langu limelala kwake.

Mzee Halake ni bawabu wa shule moja ya msingi hapa mjini. Zamani alikuwa na ng'ombe upande wa Garbatulla, wengi. Ukame ukamaliza wote, akahamia Chechelesi na watoto. Guyo aliniambia tangu wakati huo baba yake hana maneno. "Mimi na mzee tunaongea kama mlango umefungwa ama haujafungwa. Basi."

Lakini Jumamosi mzee alikuwa anakuja karakana. Alikaa kwenye pipa lililopinduliwa karibu na lango, mgongo umenyooka, uso hauna habari. Ukimuuliza, anasema amekuja kumchukua kijana warudi nyumbani, muziki ni kelele tu. Tukimaliza, Guyo anaweka filimbi mfukoni, wanatembea pamoja hadi Chechelesi, bega kwa bega. Guyo alisema hiyo ndiyo saa yake na baba yake. Hana nyingine katika wiki nzima.

Nilijua hilo. Aliniambia mimi.

Shaka yangu ilianza kidogo kidogo. Reli za Kiayalandi zina sehemu mbili, kila moja inarudiwa, ni hesabu safi. Treni haikuwa na hesabu hiyo. Ilikuwa na mtu anayeita na mtu anayeitikia. Nilisikiliza kanda zote padri alizoacha parokiani. Haimo. Nikatafuta mtandaoni, mahali wanapoweka nyimbo zao za kale kwa maelfu. Haimo.

Nikajiambia labda ni wimbo wa jikoni kweli, haukutoka nje. Lakini usingizi ukaanza kuwa mwepesi. Ndivyo nilivyo.

Halafu nikapata kibarua cha utafiti wa visima, wiki moja Garbatulla. Nilikuwa na karatasi zangu za maswali. Asubuhi ya tatu nilifika kisima kimoja cha kuchimbwa, ambamo wanaume wamesimama mmoja juu ya mwingine kwenye ngazi za udongo, wanapokezana ndoo hadi juu. Yule wa juu anamwaga kwenye birika, ng'ombe wanakunywa. Wanafanya kazi wakiimba, mkono uende na sauti.

Yule wa juu, mtu mzima mwenye ndevu za hina, akabadilisha wimbo. Nikaacha kalamu ikaanguka.

Ilikuwa Treni! Polepole, kwa Kiborana, lakini Treni. Na pale penye pumzi, pale ambapo Isiolo wanapiga "Hep!", ndipo ndoo inapotoka mkono huu kuingia mkono ule.

Nilingoja wapumzike. "Salaam aleikum, mzee. Huo wimbo ni wa nani?"

"Aleikum salaam. Wewe Mmeru unataka wimbo ya ng'ombe ya nini? Unataka kunywesha miraa?" Wenzake wakacheka ndani ya kisima.

"Nimeupenda tu."

"Ni ya Halake. Ule alihamia Isiolo. Kila boma iko na sauti yake, ng'ombe wanajua. Ukianza hii, Dalati anatoka mbele, wengine wanamfuata."

"Dalati ni nani?"

"Ng'ombe yake. Ya kijivu. Ndiyo ilikufa ya mwisho." Akachungulia kisimani kuona kama wenzake wanasikia. "Halake aliapa mbele ya watu. Hii wimbo isiimbwe tena mahali masikio yake iko. Kuimbia birika tupu ni kujicheka. Mimi nilikuwa mchungaji yake, inanitoka tu nikisahau. Usimwambie umesikia kwangu, intala."

Intala ni binti. Nikamwambia, "Sitamwambia."

Niliahidi! Kwa mdomo huu huu.

Sasa niwaambie nilichohisi njiani kurudi Isiolo, maana hapa ndipo mtu anapaswa kujichunguza. Sikuwafikiria ng'ombe waliokufa. Sikumfikiria mzee. Nilijifikiria mimi. Nilihisi nimesalitiwa. Nililia machozi yangu kwa ajili ya sanduku ambalo halikuwepo! Niliandikia watu wa ng'ambo hadithi ya uongo, nikatia jina langu chini, na sasa watu hao wanakuja. Mtu niliyemwamini kuliko ndugu zangu alinitazama machoni na kunitungia mama wa padri.

Na nikaongeza kosa jingine kwenye hesabu yake. Nikasema, huyu anamdanganya hata baba yake. Mzee anakaa pale kwenye pipa, maskini, na mwanawe anapiga wimbo uliokatazwa mbele ya masikio yake akiuita wa padri. Nikajifanya namwonea mzee huruma. Lilikuwa koti la kuvalisha hasira yangu.

Siku ya mazoezi nilimpa Guyo nafasi. Ama nilijiambia ni nafasi. Ulikuwa mtego.

"Guyo, nikumbushe. Sanduku la padri lilikuwa rangi gani?"

"Kahawia."

"Mwaka jana ulisema jeusi."

Ekal alicheka hadi akaweka gitaa chini. "Huyu msichana! Ukimwambia mvua inanyesha, anatoka nje na kikombe kupima."

"Nauliza tu," nikasema. "Wageni watauliza. Padri alikufundisha kwa filimbi yake ama yako?"

Guyo alikuwa anapangusa filimbi kwa shati. Aliendelea kuipangusa hata baada ya kung'aa. "Mbona, uliza zote. Hii moja wacha."

"Mbona niiwache?"

"Kwa sababu nimekuomba."

Alisema taratibu, bila hasira. Alikuwa ananiambia kila kitu ambacho mtu anaweza kusema bila kukisema. Mimi nilisikia mwizi anayefunga mlango.

Wageni wakafika. Walikuwa sita. Kiongozi wao alikuwa mama mwenye nywele nyekundu sana hivi kwamba wazee wa Wabera waliamini ni hina, wakamsalimu kwa heshima ya pekee. Mwingine alikuwa na zumari la mfuko linalojazwa upepo kwa kiwiko. Mtu mmoja nyuma yangu akasema, "Ona huyu, anakamua mbuzi kwapani." Lakini zumari lilipolia, hakuna aliyecheka tena. Ni sauti ya kitu kilichopotea na bado kinaita.

Uwanja ulijaa. Mimi ndiye nilikuwa mtafsiri, Kiingereza kwenda Kiswahili, Kiswahili kwenda Kiingereza. Wao wakapiga zao, roki nzito na fidla juu yake, vumbi likapanda. Kisha wakatuita tupige pamoja. Na umati, bila kungoja: "Treni! Treni!"

Sijawahi kupiga vile, na sitapiga tena. Zumari likashika ile sauti ya chini, magitaa mawili yakakimbia, Kinoti akawa na mikono minne. Guyo alifumba macho. Kwenye pumzi, watu wote wa uwanja ule wakaita "Hep!" na nikaona yule mama wa nywele nyekundu akifuta machozi huku anacheza.

Na Mzee Halake alikuwa pale. Amesimama karibu na lango, safari hii hakuna pipa. Nilimwona. Midomo yake ilikuwa inatembea. Nilidhani anaswali.

Makofi yalipotulia, mama yule akachukua maikrofoni. Akasema anajua nyimbo nyingi za kwao na huu haujui, na anafurahi sana kuwa bado kuna usioujua. Je, mama wa padri alitoka kijiji gani?

Nikatafsiri. Guyo akasogea karibu. Aliangalia upande wa lango, kisha akaniangalia mimi.

"Mwambie sijui kijiji," akasema kwenye maikrofoni. "Mwambie padri alikuwa amekaa juu ya sanduku, akasema huu ni wa mama yake."

Watu wakamsubiri mtafsiri. Nami nikasema, kwa Kiswahili, mbele ya wote:

"Siwezi kutafsiri uongo."

Umati ukacheka! Walidhani ni mchezo wa jukwaani. Ekal akaita kwa nyuma, "Wee Mbona, si utulie!" Ningecheka nao wakati huo, yangeisha. Ningesema natania. Mlango ulikuwa bado wazi, jamani.

Nikaendelea. "Huu si wimbo wa padri. Padri hakuujua. Huu ni wimbo wa kunywesha ng'ombe, ni wa boma la Halake, yule mzee amesimama pale langoni. Unamwita ng'ombe wake anayeitwa Dalati."

Nilimwonyesha kwa kidole. Mungu wangu, nilimwonyesha kwa kidole!

Kisha nikageuka kwa wageni nikasema yote tena kwa Kiingereza, kwa utaratibu, kama ninayesoma ripoti.

Kicheko kilikufa upande wa wazee kwanza. Wale wanaokijua kiapo cha Halake walikuwa wengi kuliko nilivyofikiri. Vichwa vikageuka langoni. Mzee alisimama kidogo, kama mtu aliyeitwa jina na haoni aliyemwita. Kisha akajifunga shuka vizuri, akatoka.

Guyo aliangusha filimbi, akaruka kutoka jukwaani akamfuata. Nikamwona mzee, bila kugeuka, akiinua mkono mmoja nyuma: usinifuate. Guyo akabaki pale pale katikati ya uwanja, watu wote wakimtazama.

Yule mama wa Ayalandi alikuwa anapiga makofi! Hakuelewa. Alisema hii ni nzuri zaidi, wimbo wa kisima, wimbo wa kweli wa hapa, waurekodi pamoja kesho na maneno yake ya Kiborana. Mimi mtafsiri sikuwa na lugha.

Guyo alirudi kuchukua filimbi yake. Nilikuwa bado nimesimama nayo miguuni pangu.

"Ulinidanganya," nikamwambia, kabla hajasema kitu.

"Ndiyo. Wewe nilikudanganya." Aliokota filimbi. "Yeye sikumdanganya."

Sikuelewa. Na nisipoelewa huwa nauliza, lakini alikuwa ameshaondoka.

Kwa wiki mbili nilijitetea. Kwa kila aliyenisikiliza nilisema ukweli ni ukweli, sanaa haijengwi juu ya udanganyifu, watu wa Ayalandi walikuwa na haki ya kujua. Nilitumia maneno yangu yote ya chuo. Ekal alinisikiliza akichomelea lango la mtu, kisha akainua kile kioo cha usoni.

"Sawa. Ukweli ni wako. Kaa nao sasa, sisi tunaenda."

Kinoti alikuwa anafungua ngoma zake, anazitia kwenye magunia. Neno lake lilikuwa moja.

"Alikuomba."

Hilo ndilo lililonipeleka kwa mzee.

Nilifika langoni pa shule saa ya masomo. "Habari ya asubuhi, Mzee."

"Nzuri. Mwalimu mkuu hayuko."

"Nimekuja kwako."

Hakuonyesha kama ananijua. Akanisukumia kitabu cha wageni kupitia kidirisha. "Andika."

Kuna safu ya jina, safu ya unakotoka, na safu ya sababu ya kuja. Niliandika: kuomba msamaha. Alikigeuza kitabu, akasoma herufi moja moja kwa kidole, akakifunga. Hakufungua lango. Tuliongea kupitia kidirisha kile.

"Wewe umesoma," akasema. "Ulifikiri mimi ni kiziwi?"

"La, Mzee."

"Siku ya kwanza mimi nilijua. Filimbi haijafika mahali ya Dalati, nilishajua."

"Mbona... hukuondoka?"

"Niondoke kwa nini? Ilikuwa ya padri." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Mimi niliapa juu ya wimbo ya Halake. Sikuapa juu ya nyimbo za Wazungu. Kijana yangu aliichukua, akaipeleka Ulaya, akairudisha na nguo ingine. Hakuna mtu angeniuliza. Mimi nakaa kwa pipa, nasikia ng'ombe zangu wakikuja kwa maji. Kila Jumamosi. Tukienda nyumbani hatusemi. Yeye anajua, mimi najua. Kuna kitu ilikuwa inakusumbua wewe hapo?"

"Sikujua, Mzee. Naapa sikujua."

"Ulijua nimeapa. Ule mtu ya kisima alinipigia simu, analia. Anasema alikuambia usiseme. Mtoto alinisitiri. Wewe ukanivua. Mchana. Kwa spika."

Hapo ndani, watoto walikuwa wanakariri kitu kwa sauti moja. Nilitamani aniapize, apige kelele, anifukuze. Aliendelea kwa sauti ile ile ya kuongea habari ya mlango.

"Wazee walinikalisha chini. Wakauliza: Halake, wimbo ulimpa kijana, ama aliiba? Wewe ungesema nini? Nikisema nilimpa, kiapo yangu ni takataka. Nikisema aliiba, kijana yangu ndiye mwizi."

"Ulisema nini?"

Aliangalia saa ya ukutani.

"Nilisema aliiba."

Kisha akanyanyuka kwenda kugonga kengele, maana muda ulikuwa umefika. Aliporudi, watoto wameshatapakaa uwanjani, alinisukumia kitabu tena. "Andika saa ya kutoka."

Nikaandika. Nilipofika barabarani ndipo nilipojua nimeandika saa isiyo sawa.

Guyo sasa yuko Garbatulla, ni utingo wa lori la mifugo. Ekal ananiambia akija Isiolo hulala karakana, kwenye gari bovu, hakanyagi Chechelesi. Filimbi hana. Nilimtumia ujumbe mwingi, amesoma wote, hajajibu hata mmoja. Hajanizuia. Anasoma tu, na hicho ndicho kinachonimaliza.

Na niwe mkweli hadi mwisho. Kuna sehemu yangu ambayo bado inajiona imesalitiwa. Inauliza usiku na mchana: mbona hukuniambia, Guyo? Tulikuwa marafiki! Ningekaa kimya. Halafu najijibu mwenyewe. Angeniambiaje? Kizuri cha siri ile ni kwamba hata wenyewe wawili hawakuwahi kuitamka. Akiitamka kwangu, imekwisha. Na aliyekuwa anaomba anyamaziwe alikuwa anaongea na mtu anayetembea na kikombe cha kupimia mvua.

Chuoni walitufundisha kumfichua anayeficha. Hakuna aliyetufundisha kusitiri. Sikujua hata kama ni maneno mawili tofauti.

Basi ninyi mnaopenda kuuliza kama mimi, siwaambii mwache. Waulizeni wanasiasa, waulizeni wahubiri, waulizeni wenye ofisi. Lakini ukimkuta rafiki ameshikilia uongo mdogo kwa mikono yote miwili, usimpokonye mbele za watu. Zunguka kwanza uone ni nani amesimama nyuma yake. Na akikusihi unyamaze bila kukupa sababu, ujue sababu inaweza kuwa ni mtu.

Mimi sikuzunguka. Sasa kuna baba hapa Isiolo aliyelazimika kumwita mwanawe mwizi, kwa wimbo ule ule uliokuwa njia yao ya kupendana.